Kulungu wa Babu

...na ajabu yenyewe ni kwamba lililokuwa likiwaka ni shavu la kushoto tu, la kulia lilikuwa shwari, na baridi ilikuwa ile ile, ile iliyopenya kwenye nyufa za nyumba ya ibada na kugandisha maji ya ubatizo ndani ya beseni hata Baba akalazimika kuvunja barafu kwa kitako cha ufunguo wa kiwanda cha ngozi, lakini la kulia Josiah Thrall alilinyoa asubuhi kabla ya kujua, na la kushoto alilinyoa baada ya kujua, na sasa alikuwa amesimama mbele ya kanisa zima, mwanawe mchanga mikononi, akimeza mate yaliyomjaa mdomoni. "Mtoto huyu anaitwa nani?" mchungaji Whiting alikuwa amekwisha kuuliza, swali jepesi, hata mlevi angelijibu, na jibu lenyewe lilijulikana na kila mtu aliyekaa kwenye mabenchi yale, Eliphalet, ataitwa nani mwingine, Koplo Eliphalet Thrall tumemzika juzi tu majani yakipukutika, askari wa mfalme na fundi wa ngozi ambaye bonde zima hili la Konektikati halijapata mfano wake, mtoto wa kwanza wa kiume baada ya kaburi lile atambeba Babu, ndiyo desturi, na Baba, Shemasi Gideon, aliyekuwa amekaa chini ya mimbari na ule ufunguo juu ya goti lake, alilisema wazi tangu siku ya mazishi, "Jina na kiwanda vinakwenda pamoja, mwanangu. Mpe mtoto jina la babu yako, nami nakupa ufunguo siku hiyo hiyo. Usipompa, mke wa nduguyo Lemuel naye yu mjamzito," na Josiah akasema ndiyo Baba, mbona asiseme, miaka yote hii ameinama juu ya yale mashimo ya kulowekea ngozi, mikono imegeuka rangi ya gome la mwaloni, harufu ya chokaa na mavi ya mbwa ya kulainishia ngozi haimtoki hata ajisugue vipi, leo amwachie Lemuel anayeziba pua akipita mlangoni? Ila hayo yalikuwa kabla ya Obed.

Obed, mzee mchafu yule, ndiye huyo huyo anayekohoa pale nyuma karibu na mlango... asubuhi alikuwa amekaa karibu na moto na kikombe chake cha ramu, mguu mmoja na mkongojo, amekuja kula karamu ya ubatizo kwa kuwa alipigana kikosi kimoja na Babu kule kaskazini, vita vya Mfaransa, na Josiah alikuwa dirishani, povu la sabuni usoni, shavu moja tayari, ananoa wembe kwenye ule mkanda wa ngozi ulioning'inia pale tangu yeye hajazaliwa, mkanda ambao nyumba nzima iliuita kulungu, leta kulungu, nani kamtoa kulungu mahali pake, maana Babu alirudi naye vitani akasema ni kulungu aliyempiga risasi kwa mkono wake, akamchuna kwa mkono wake, akamlowesha kwa mkono wake, na Obed akainua macho, "Ala! Kumbe bado mnaye huyu?" "Yupo, mzee wangu, urithi huo." "Hebu nimwone... ndiye kabisa! Na kazi bado anaijua?" "Anaijua mno, sijaona kulungu anayenoa hivi." "Kulungu!" mzee akacheka mpaka ramu ikamtoka puani, "Kulungu gani wewe, kulungu aliyeomba maji kwa Kiingereza? Tena kwa adabu zote, maji tafadhali, bwana, na babu yako akamwambia, subiri kidogo..." na Baba alikuwa mlangoni anafunga kola yake, hakushtuka, hakuuliza maana yake nini, alisema tu, "Obed, kunywa unyamaze, leo ni siku ya Bwana," na katika kutoshtuka kule Josiah akajua kwamba ni kweli na kwamba Baba alijua siku zote, kwamba ule haukuwa mkanda wa mnyama, alikuwa mtu, Mwabenaki mmoja, mwenyeji wa misitu ile, aliyelala mahali fulani kaskazini akiwa na kiu, na wembe ulikuwa mkononi mwake umekwisha kunoka, na shavu la kushoto lilikuwa na povu. Akalinyoa. Huo ndio uchafu wenyewe, si wa Babu wala wa Obed, akalinyoa taratibu, akazunguka kidevu, hakujikata hata kidogo, kwani mtu ataendaje kubatiza mtoto na nusu ya ndevu, watu watasemaje, na wembe ulipita laini kama unavyopita siku zote.

"...amekuwa bubu leo?" sauti ya kike ilinong'ona mahali fulani, na nyingine ikajibu, "Mwache, furaha hiyo, mtoto wa kwanza," na mchungaji akatabasamu, mkono wake tayari umelowa, hewa ikimtoka mdomoni kama moshi, alikuwa na tabasamu lile lile siku ya mazishi aliposema ndugu zangu, huyu aliwavisha viatu watoto wenu na lijamu farasi wenu, na kweli, tazama, kanisa zima lilikuwa limemvaa Babu miguuni, viatu vyake, mikanda yake, na jalada la Biblia pale juu ya mimbari ni kazi ya mikono yake pia, alilitoa kwa sifa nyingi mwaka ule paa lilipoezekwa upya, ndama, alisema, ndama mweupe... alisema ndama. Na mkanda nao alisema kulungu. Josiah akaondoa macho upesi kwenye Biblia ile, asiipime kwa jicho, lakini jicho la fundi halina adabu, lilikwisha kupima.

Na usiseme hukujua, Josiah, nani atakuamini, wewe uliyefundishwa kupima ngozi na nani kama si yeye, pale uani, Babu na kile kiti chake cha miguu mitatu, "Ngozi ivute ingali maji," akisema hivyo na kukuvuta sikio, maana mtoto naye ni ngozi, halafu, "Funga macho. Hii?" Ndama, Babu. "Hii?" Kondoo. "Hii?" Mbwa, na mzee anacheka kwa furaha, anakupa kipande cha sukari guru, halafu siku ile akautoa mkanda dirishani akakuwekea kiganjani, "Na hii?" na wewe ukaupapasa tena na tena, kwa sababu mkono wako haukupata mnyama, ulitafuta vinyweleo vya kulungu haukuviona, ulitafuta vya nguruwe, vya mbuzi, ukakuta kitu ambacho mkono ulikuwa umekigusa kila siku kisha ukakataa kukisema, "Kulungu, mjinga wewe! Kulungu wa kaskazini!" na mzee akaupangusa kwa kiwiko cha mkono wake, kwa upole, kama anavyopangusa mtu kitu chake cha thamani. Mkono ulijua. Kichwa ndicho kilichojitia upofu, na kichwa kikaunolea wembe kila Jumamosi tangu ndevu za kwanza, na Baba kabla yake, na Lemuel, wote mashavu laini, wote wanaume wa kuheshimika, puh... Na yule mtu, Kiingereza alijifunzia wapi? Mtu hazaliwi na neno tafadhali. Mchungaji fulani atakuwa amemfunza, kijiji fulani cha misheni huko mtoni, na kama ni mchungaji basi na yeye aliwahi kusimamishwa mbele ya beseni kama hili, akamwagiwa maji kichwani, akapewa jina, Petro, Yohana, nani ajuaye, mtu akaulizwa huyu anaitwa nani na mtu akajibu, na jina hilo halikumsaidia kitu, nyumbani kwetu aliitwa kulungu. Mehitabel, mkewe Josiah, bado yuko kitandani kwa uzazi, alimwambia mumewe asubuhi alipokuwa akimfunga mtoto shali, "Mimi ningempa Asa, jina la marehemu baba yangu, ila mwenye mdomo ni wewe," na yeye akacheka, Asa! Mfuma nguo aliyekufa maskini, ambaye hata bunduki hakuwahi kuishika, utambandikaje mtoto jina lisilo na hata kibanda cha kuku, alimcheka mkewe kwa shavu hili hili.

Ndipo akahisi kidole. Kidole gumba chake mwenyewe, cha mkono wa kulia, kilikuwa kimeingia chini ya shali na kilikuwa kikipita shingoni mwa mtoto, chini ya sikio, mbele na nyuma, mbele na nyuma, polepole, na hakikuwa kikimbembeleza, Josiah alikijua kidole kile, kilikuwa kikipima, laini, haina kovu, haina alama ya kupe, nzuri kuliko ya ndama... akakitoa kidole kama aliyegusa mkaa, mtoto akaguna, baridi ikamwingia shingoni, akageuza uso, akafungua kinywa na kuanza kutafuta hewani kwa midomo, kulia, kushoto, jinsi wanavyotafuta wakiwa na kiu, hana Kiingereza wala lugha yoyote.

"Josiah," mchungaji akasema, sasa bila tabasamu, "jina, ndugu yangu. Maji yanaganda." Baba akauinua ufunguo kutoka gotini, akauweka benchini, ukalia. Subiri kidogo, Josiah alitaka kusema, maneno yalikuwa yamekwisha kufika kwenye meno, subiri kidogo, mchungaji, adabu kabisa, na hapo akasikia ni sauti ya nani, imekaa kinywani mwake kama iliyo kwake, na kiu ya nani iliambiwa hivyo, akayauma maneno yale, akayameza pamoja na mate yake machungu. Hakuna aliyekuwa amesogea. Mkono wa mchungaji ulikuwa bado juu ya beseni, barafu nyembamba ilikuwa imeanza tena kushika ukingoni, ufunguo ulikuwa pale pale, na Josiah akamfunika mtoto shingo, akafungua mdomo kutaja jina la mfuma nguo.