Maji ya Mlangoni

...na harufu hiyo tena, inatoka kwenye tundu la hewa la sanduku na kuniingia puani kabla sijapiga magoti vizuri, si ya yai viza, yai viza tulilitoa juma lililopita, lilinipasukia mkononi nikatapika pale pale kando ya jiko, hii ni nyingine, inachoma koo, klori, nani ametia klori ndani ya sanduku la kuangulia, mkono wangu uko juu ya kifuniko na siwezi kukiinua, maana Mathe, fundi aliyelitengeneza kule Butembo, alinionya mpaka nikachoka kumsikiliza, vifaranga wakianza kutoboa ganda usifungue, Agar, unyevu ukitoroka utando wa ndani unakauka na kumbana kifaranga asiweze kugeuka, na huyu wa kwanza ameshatoboa, namwona nyuma ya kidirisha cha kioo, mdomo uko nje, unafunguka, unafungwa, ameloa, ana ute wa manjano na uzi wa damu, ananitia kinyaa, nisijidanganye, kila kitu hapa kinanitia kinyaa, joto la taa, ute, matone yanayoteleza kwenye kioo kama jasho la mgonjwa... «Mama! Ulitia mayi gani mu sahani ya unyevu?» Amekaa mlangoni anachambua maharagi, yale yale aliyoyafukia mayai ndani yake alipokimbia kutoka kijijini kwake Mabalako, kikapu mapajani juu ya pikipiki, barabara yote ile mbovu na hakuna hata moja lililovunjika, «Mayi ya propre, mayi safi,» anasema, «ile ya ku mulango, sahani ilikauka, nikaongeza,» ya mlangoni, ndoo ya kunawia, mtaa mzima wa Bungulu walishaacha hizo ndoo tangu Ebola ilipoisha, jirani anafulia nepi ndani ya yake, ni mama tu ambaye kila asubuhi anakoroga unga wake wa klori, aliacha nyumba, akaacha kakao mtini, kopo la unga hakuliacha... «Mama, ile ni dawa ya kunawa!» «Njo inauaka microbe, bale batu ba Ebola ba Mangina balitufundisha,» anasema bila kuinua kichwa, haragwe linaanguka kwenye sinia, jingine, jingine, nikifungua nitoe sahani kifaranga atakauka, nisipofungua anavuta hiyo sumu kwa mapafu ambayo hayajawahi kuvuta kitu kingine, na mayai haya ndiyo yote yaliyobaki ya kuku wake, wale waliovamia kijiji waliwachinja kuku wenyewe wakawala uani kwake, yakiharibika haya nitamwambia nini, tangu afike hapa kitu anachouliza ni hicho tu, yanapumua, Agar, yako napumua?... na nachoka, nachukia harufu hii, iko kwenye mikono yake, akinimenyea ndizi ndizi inanuka, akinishika shavu nageuza uso, inanuka kama siku ile alipokufa Faida, dada yangu, wale wa nguo nyeupe walipulizia kitanda, wakapulizia kizingiti, wakapulizia mfuko aliomo mpaka ukachuruzika, mama akasema anataka kuona uso tu, uso peke yake, na sauti ikatoka nyuma ya kioo cha kofia, sauti ya kijana, ya upole kabisa, hapana fungula, maman, hapana fungula, zipu ilishafika juu... nataka kutema mate, sina pa kutemea, mdomo unafunguka, unafungwa, sasa polepole zaidi, au ni macho yangu, angetia maji gani basi, ya kisima? yale yenye viluwiluwi? alichukua maji ambayo kwake ndiyo maji, yale yanayozuia kifo kuvuka kizingiti, Faida hakuyapata kwa wakati, mama akawapa vifaranga hawa, akawapa mapema, na mimi nimepiga magoti hapa napiga kelele... na kelele zangu nazo zinanichukiza... «Iko nalia?» anauliza mama, haragwe limenyamaza, nasikia amesimama, magoti yake yanalia, «Agar, ile ya ku dirisha, iko nalia?» «Iko nalia kidogo.» «Basi hapana fungula. Weye ulisema. Hapana fungula,» na anavyolisema neno hilo, kwa utii, mikono imefungwa tumboni, ah hapana, hapana, sitaki kulisikia kinywani mwake, si hili, si hapa... mvuke, birika, tukiushika mvuke hapa kwenye kifuniko na kitambaa kilicholoa juu, unyevu hautatoroka wote, mkono mmoja uvute sahani, mwingine uingize nyingine, Mathe aseme anachotaka, «Mama, tia birika ku moto, mayi ya mvua, ile ya mu pipa, hapana ya mulango. Na ulete kitambaa, ukiloweshe.» Haendi. Amesimama nyuma yangu, harufu ya mikono yake inaipita ile ya sanduku, inanichoma, na sigeuzi uso. «Tutafungula?» «Tutafungula.» «Na mie nitaona?» Mkono wangu bado uko juu ya kifuniko, mdomo ule unafunguka, unafungwa, matone yanateleza kwenye kioo, «Weye njo utaona mbele, wa kwanza, Mama. Enda, tia birika.»