Barua za Kusubiri Ruhusa

Msinionee huruma, nimejitakia mwenyewe. Barua pepe zilikuwa zimenifika hapa shingoni. Mimi ni msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu, macho ndiyo jembe langu, na kila asubuhi nikifungua kompyuta nakuta barua mia mbili: viatu, mikopo, dawa ya kuotesha nywele. Nywele! Mimi mwenye upara tangu ujana.

Fundi wetu wa kompyuta akaniwekea chujio. Nikampa orodha ya watu ninaowakubali. Asiyemo, barua yake inawekwa kwenye folda ya wanaosubiri, naye anapelekewa jibu papo hapo.

"Andika jibu la adabu, mzee," alinishauri. "Sema samahani, anwani yako haimo kwenye orodha."

"Samahani ya nini? Wao waliniomba radhi lini?" Nikaandika nilivyotaka, na jina langu chini: *Sikujui. Usiniandikie tena.*

Fundi akacheka. "Una roho ngumu wewe!"

Dada yangu nilimtia kwenye orodha, wa kwanza kabisa. Miaka mitatu tulikuwa hatusemezani, tangu tulipogombania kabati la marehemu mama, na kabati lenyewe limeliwa na mchwa. Namba yake nilishaifuta kwa hasira. Lakini kila siku nilingoja aandike, maana nilijiapiza kwamba yeye aliye mkubwa ndiye aanze. Anwani niliyoitia ilikuwa ya ofisini kwake. Kwamba alishastaafu na anwani hiyo hana tena, wala halikunipitia kichwani. Mjinga mimi!

Wiki tatu nilistarehe. Ya nne nikaifungua ile folda niifute yote. Kati ya viatu na mikopo nikakuta barua tatu za wiki mbili nyuma, kutoka anwani nisiyoijua.

Ya kwanza: "Mdogo wangu, nimelazwa hospitali ya mkoa, Jumatano wananipasua. Yaliyopita si ndwele. Njoo nikuone kabla."

Ya pili, dakika kumi baadaye: "Ni mimi, dada yako. Tumbo moja. Kabati lichukue."

Ya tatu: "Haya. Nimekusikia."

Zote zilikuwa zimejibiwa kwa jina langu, hata hiyo ya tatu.

Nilitoka mbio, miwani nikaiacha mezani. Wodini nilitaja jina la dada, muuguzi akapekua daftari lake, kisha akashusha pumzi.

"Pole. Alifariki Alhamisi ile, siku moja baada ya operesheni. Majirani ndio waliomzika. Tulipomwuliza nani wa kumpigia simu, alisema alikuwa na mdogo wake mmoja, mtu mwema sana, ila alishatangulia mbele ya haki."

Dada yangu aliona afadhali aniue kwa mdomo kuliko kuniaibisha mbele ya watu.

Muuguzi akanitazama. "Kwani wewe ni nani yake?"

"Jirani," nikasema.