Haya ya Mheshimiwa

Kamati ilikuwa imekaa tangu asubuhi, na Mheshimiwa alikuwa hoi. Bungeni walimwita Bi Kwanini kwa jinsi alivyopenda kuuliza, lakini leo alikuwa na swali moja tu. Yale malori ya jeshi yanayovuka mpaka kuwapelekea waasi wa nchi jirani "vifaa", yamebeba vifaa gani? Mtoto wa mdogo wake wa kike ndiye dereva wa lori la mbele. Kama ni blanketi, atarudi. Kama ni bunduki, atasubiriwa njiani.

"Vifaa ni vifaa, Mheshimiwa," alisema kanali.

"Hata kijiko ni kifaa, kanali. Nauliza gani."

"Hiyo ni siri ya jeshi."

Sasa kamati ya ukaguzi inafichwa kile inachokagua, huo ni ukaguzi au kiini macho? Sheria ilikuwa wazi: mjumbe mmoja akipinga, msafara unasimama mpaka maelezo yaletwe. Wenzake walishaafiki zamani, kila mtu anawahi kwake. Aliuliza tena, akajibiwa yale yale. Akauliza tena, mwenyekiti akapiga miayo. Mtu unachoka, jamani.

"Haya," alisema akishusha pumzi, ile haya ya mama anayejua mtoto anamdanganya na sasa anajipanga kumbana upya. Akavuta glasi anywe maji kwanza, ndipo aseme anapinga.

"Mheshimiwa ameafiki," mwenyekiti akagonga meza. "Kikao kimefungwa."

"Sijaafiki. Nimesema haya."

"Si ndiyo hiyo hiyo? Tumeshaandika ndiyo."

Viti viliburutwa, kanali akakusanya makaratasi yake. Mheshimiwa alibaki anabishana na kipaza sauti kilichokwisha kuzimwa. Alijichukia kwa lile funda la maji.

Kwenye korido simu iliita. Alikuwa dereva mwenyewe.

"Mama mkubwa, tumeambiwa mmepitisha. Tunawasha magari."

"Usiende, mwanangu."

"Nisiende, na wewe umekubali?" Alicheka. "Mama alikuwa analia hapa. Nimemwambia anyamaze, dada yake hawezi kupitisha kitu asichokijua. Hebu mtulize, mwambie nimebeba nini."

Mheshimiwa aliegemea ukuta.

"Sijui," alisema.

Injini ikaendelea kunguruma.