Mikorosho ya Mtani

"Isihaka Chitanda," bwana shamba alisoma. Akageuza ukurasa, akaurudisha, kisha akasema, "Hana."

Watu waliokusanyika mbele ya ghala la ushirika walicheka. Nilicheka na mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mbili, na nilifurahi kusikia jina la baba yangu likitajwa mbele ya kijiji kizima. Kila aliyekuwepo pale alijua kwamba Isihaka Chitanda ana mikorosho arobaini na sita, yote inazaa, na kwamba hakuna shamba lililopaliliwa vizuri kuliko lake kuanzia kwetu mpaka Madimba.

"Shaibu Ausi. Mikorosho hamsini na minane."

Wakacheka zaidi. Shaibu alikuwa na mikorosho kumi na miwili, tena ya kuonea huruma. Alisimama kando ya mlango wa ghala, kofia imemkaa upande, akapunga mkono kama mgeni rasmi.

Bwana shamba hakucheka. Jina lake Paulo, kijana wa bara aliyeletwa kwetu mwaka uliopita na baiskeli yake, na mizaha yetu ilikuwa bado haijamwingia. Alifunga daftari, akaeleza kazi ya ile orodha. Mwenye mikorosho ishirini na kuzidi, wilaya itamlimia ekari tano kwa trekta, pembeni ya mikorosho yake. Atapewa mbegu bora kutoka kituo cha utafiti cha Naliendele, bila malipo. Ushirika utanunua korosho kwa jina lililoandikwa, na hakuna atakayeweza kumwondoa mtu huyo kwenye miti yake. Asiye na mikorosho atapewa ekari moja ya muhogo.

Kicheko kilikatika. Mkono wa mama ulikuwa begani kwangu, na kucha zake ziliingia mpaka nikaumia, lakini sikuthubutu kusogea. Nilimtazama baba. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni, limesahaulika pale, na macho juu yake yalikuwa ya mtu aliyeona nyoka ndani ya kitanda chake.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na lilifanyika miezi minane kabla ya siku hiyo.

Baba alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, vijiji vya nyuma ya Palma, chini ya Mreno. Huko walikuja kuhesabu vibanda, watu wakalipa kodi ya vibanda. Wakaja kuhesabu wanaume, wanaume wakachukuliwa kulima barabara bila ujira, na kaka yake baba hakurudi. Baba alivuka mto akiwa na shati moja na mfuko wa korosho za mbegu. Kwetu alipewa pori, akamwoa mama, wakalifyeka wote wawili. Yeye alichimba mashimo, mama akatia mbegu. Mimi nilizaliwa mikorosho ikiwa imefika kiunoni. Baba alikuwa na msemo wake mmoja, akiurudia hata kwa kuku: kinachohesabiwa huchukuliwa.

Kwa hiyo iliposikika kwamba serikali itahesabu mikorosho, hakulala. Mama alitoka kliniki na habari nyingine.

"Baba Mwaisha," alimwambia, akimwita kwa jina langu, "sema kweli yako. Kliniki tumeambiwa hesabu hii ni ya kheri."

"Mreno naye alisema kheri."

"Si wameshatangaza kodi ya kichwa inafutwa?"

"Wameitoa kichwani," baba alisema. "Sasa wanaitafutia miguu."

Paulo alipofika shambani na daftari, brashi na kopo la chokaa, baba alikuwa ameshapata dawa yake. Sisi Wamakonde na Wayao ni watani. Mtani huingia kwako akala kilicho chunguni, akakwambia uso wako umechongwa kama mlango wa msikiti, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Anayekasirika ndiye ameshindwa. Shaibu alikuwa Myao na mtani wa baba kuliko watani wote. Alimwita mama "mke wangu" mbele za watu, na baba akamjibu kwamba achukue, ila asubiri kwanza mke amalize kupalilia.

"Mkorosho huu wa nani?" Paulo aliuliza.

"Wa Shaibu Ausi."

"Na huu?"

"Wa huyohuyo. Tajiri mkubwa yule. Mtozeni vizuri."

Paulo akachovya brashi, akaandika S.A. kwenye shina. Majirani waliokuwa wakitazama walishika mbavu. Baba alinogewa. Alilichukua lile kopo la chokaa kutoka mkononi mwa Paulo akawa anambebea yeye mwenyewe, shina kwa shina, mara arobaini na sita, akicheka kwa kila mti. Mama alikuwa amesimama na jembe, hacheki. Jioni Shaibu alipoambiwa, alicheka mpaka akakaa chini. "Mmakonde umenibebesha kodi," alisema. "Subiri, mimi nami nitakubebesha."

Hayo ndiyo yaliyokuwa kichwani mwa baba alipovuka uwanja wa ghala siku ya kusomwa orodha na kumwendea Shaibu. Watu wakampisha.

"Haya, mtani," baba alisema. "Mwambie sasa."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba ulikuwa utani."

Shaibu aliwageukia watu. "Nimepewa mikorosho na mtani wangu, mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Hata kopo la chokaa alibeba yeye."

Nilidhani baba atampiga. Nadhani kila mtu alidhani hivyo, maana wanaume wawili walisogea. Lakini angekasirika, angekuwa ameshindwa. Na kama angekwenda kwa Paulo, ingembidi aseme kwamba alidanganya serikali, yeye mtu wa kuvuka mto, asiye na hata kipande cha karatasi cha kumtambulisha. Baba akacheka. Sijasikia tena kicheko cha namna ile, na siombi kukisikia.

Mama alitaka kwenda yeye mwenyewe kwa Paulo. Baba alimkataza, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akimpandishia sauti.

Mwezi wa kumi korosho zikaanza kuanguka. Shaibu alikuja na wake zake wawili na vikapu. Mimi nilikuwa na hakika kwamba angefika tu mpakani, acheke, arudi. Aliingia. Akainama chini ya mkorosho wa kwanza, ule ulio mbele kabisa ya mlango wetu, akaokota, akanyofoa tunda lake, bibo, akatia korosho kikapuni. Wake zake hawakutuangalia usoni. Baba alikuwa ameegemea mti mwingine, mgongo wake umeziba zile herufi.

"Okota, mtani," alisema. "Okota vizuri, usiache za majanini."

Waliokota mpaka mwezi wa kumi na mbili. Sisi tulikula muhogo wa ekari moja. Shaibu alipeleka magunia ghalani, akalipwa, na kabla ya mvua kuchanganya akaezeka nyumba yake kwa mabati. Kuanzia asubuhi yale mabati yalikuwa yakimetameta hadi shambani kwetu. Nilimchukia yule mzee kwa moyo wote. Nilimwombea dua mbaya, nikiwa na udhu, na sijatubu hadi leo.

Mwezi wa tatu baba alishikwa na homa. Siku ya nne alifariki. Sisemi kwamba mikorosho ndiyo iliyomuua. Aliyemuua ni homa. Nasema tu kwamba alipougua hakuwa na hamu ya kupona.

Wapwa zake walifika kabla ya maiti kuoshwa, wanaume watatu wakiongozwa na Jumanne, mtoto wa dada yake mkubwa. Walitoka kando ya mto, upande wetu, walikovukia baada ya baba, na kabla ya kuingia msibani walipita shambani kwanza. Mama aliwaona wakizunguka katikati ya miti, wakinyoosha vidole. Dini ilikuwa na sheria yake ya mirathi, lakini kwenye mikorosho watu wa kwetu walifuata mila, na kwa mila mali ya mwanamume huenda kwa watoto wa dada yake. Mjane hupewa chungu chake na mkeka. Mama alilijua hilo siku zote. Mimi nililijua siku ile, nikiwa nimekaa na wanawake uani, kutoka kinywani mwa shangazi mmoja aliyekuwa akisema kana kwamba anazungumzia mvua.

Baada ya sala ya adhuhuri jeneza lilinyanyuliwa. Lilipofika mlangoni, Shaibu alikuwa amelala chali juu ya kizingiti.

"Haitoki maiti hapa," alisema. "Huyu anaondoka na kitu changu."

Watu walicheka kwa machozi, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Wakamtupia senti ili apishe. Hakuziokota.

"Jumanne, sogea. Umefuata nini hapa?"

"Kumzika mjomba."

"Na kingine?"

Jumanne alitazama huku na huku. "Na mali yake. Mila inajulikana."

"Mali ipi? Itaje, mwenyewe anasikia."

"Mikorosho."

"Imeandikwa nini kwenye mashina?"

Hakuna aliyecheka sasa. Waliobeba jeneza walikuwa wamesimama na uzito wao, jasho likiwatoka. Jumanne aliutazama mkorosho ulio mbele ya mlango. "S.A.," alisema.

"Basi mzike mjomba wako, kisha urudi kwenu."

Shaibu akanyanyuka, akajipangusa vumbi, akaingiza bega lake chini ya jeneza, mbele kabisa. Alikuwa analia. Mbele ya maiti ya baba yangu mtu huyu alikuwa ametangaza kwamba shamba letu ni lake, na hakuna mzee hata mmoja aliyemkanya. Wapwa walikwenda kwa Paulo, wakaonyeshwa daftari, wakaondoka siku ya tatu. Mama aliingia eda.

Miezi minne na siku kumi zilipotimia, Shaibu alipiga hodi asubuhi.

"Mama Mwaisha," alisema. Hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Vaa, twende ghalani. Na mtoto aje."

Mama alikwenda kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Paulo alikuwa mezani. Shaibu alivua kofia.

"Bwana shamba, mikorosho arobaini na sita uliyoniandikia si yangu. Nilitaniwa. Ni ya huyu mama. Futa."

Mama alishika ukingo wa meza.

Paulo alikasirika. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Siku ile ningesema, ungeandika Isihaka. Leo ingekuwa ya wapwa zake."

"Na mavuno?" mama aliuliza.

"Mavuno ndiyo utani wenyewe," Shaibu alisema. "Mabati siyatoi."

Mama alicheka, kisha akalia, kisha vyote pamoja. Mpaka leo sijui kama mzee yule aliyawaza hayo tangu mwanzo, au mabati yalimtangulia na akili ikamfuata baadaye. Baba, nina hakika, hakuwaza. Aliogopa kodi tu. Ninachojua ni kwamba nyumba ninamoandika haya, hapa Rahaleo mjini, ilitokana na korosho zile na ekari tano za trekta, na godoro nililopeleka shule ya wauguzi vilevile.

"Jina la mwenye mikorosho?" Paulo aliuliza.

Mama aliutazama mlango. Miaka kumi na minne alikuwa ameishi na mtu aliyeficha hata kuku.

"Anaandikwa aliyepanda," Paulo alisema, sasa kwa upole. "Mke au mume, daftari halichagui."

"Tabu Salumu," mama alisema.

Tulirudi shambani wote wanne. Paulo alikwangua herufi za zamani kwa panga, akaandika mpya. Kopo la chokaa alibeba mama. Hakumwachia mtu. Kwenye mti wa mwisho Paulo alifuta brashi kwenye nyasi na kufungua daftari.

"Arobaini na sita."

"Arobaini na saba," mama alisema, akamwonyesha mche ulioota wenyewe nyuma ya jiko, haujanifika magotini.

"Mama, huo haujazaa."

"Utazaa," mama alisema, akamsogezea kopo. "Hesabu."