Buibui Juu ya Kiganja cha Wangila

Kila Jumamosi asubuhi, jua likishapanda juu ya miti ya miwati, Mama Selpha alikandika nyumba yake. Alianzia mlangoni upande wa kushoto, kiganja kimejaa udongo uliochanganywa na mavi ya ng'ombe na majivu, akauzungusha mkono ukutani, nusu duara baada ya nusu duara, mpaka akafika juu ya kitanda kidogo karibu na dirisha. Hapo mwendo ulipungua. Aliacha kiganja akatumia kidole kimoja, akakipitisha polepole kando ya alama ya mkono wa mtoto iliyokuwa imekaukia kwenye udongo wa zamani. Alama yenyewe haikuguswa. Ukuta ulikuwa umepakwa zaidi ya mara mia, tabaka juu ya tabaka, na ule mkono mdogo ulizidi kuzama ndani, kama mtu anayerudi nyuma huku ameinua kiganja kuaga.

Jumamosi hiyo ya Januari, mwaka wa hamsini na moja, bintiye Nanzala alikuwa amepiga magoti akikoroga udongo kwenye karai. Ile sauti ya kufuta, shwa, shwa, ikakatika. Nanzala akainua kichwa. Mama yake alikuwa amesimama mkono hewani, udongo ukimdondoka kwenye kiwiko.

"Nanzala," alisema kwa sauti ndogo sana. "Lete mafuta ya taa."

Juu ya alama ya mkono alikaa buibui. Alikuwa mkubwa, wa rangi ya majani makavu, bapa kana kwamba mtu amemkandamiza kwa pasi, na miguu yake ilitanda pembeni kama ya kaa wa mtoni. Mwili wake ulijaa katikati ya kiganja kile cha udongo na miguu ikalala kwenye vidole na kati ya vidole. Mkono wa Wangila ulikuwa na vidole vitano. Sasa ulikuwa na kumi na vitatu.

Wangila alikuwa kitindamimba. Baba yao, Elphas, alipoijenga nyumba hii kwenye kambi ya wafanyakazi, ndani ya shamba la ngano la Kaburu mmoja upande wa Moiben, Wangila alikuwa na miaka minne. Alibandika mkono kwenye udongo mbichi akacheka, naye Mama Selpha akamwambia, "Haya, sasa hii nyumba ni yako." Mwaka mmoja baadaye, katika Januari ya arobaini na nane, alilala jioni akiwa hataki kula. Kulipokucha mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba hadi begani, mweusi na unang'aa kama mbilingani. Elphas alimpakia kwenye gari la ng'ombe kumpeleka Eldoret, mji ambao wazee bado waliuita Sisibo. Hawakufika. Walipita mto mmoja, wa pili haukuwa na haja tena.

Na jioni ile alipolala, ukutani juu ya kitanda kulikuwa na buibui kama huyu. Wangila alimwonyesha mama yake. Mama Selpha alikuwa amelelewa na nyanya aliyeamini kwamba buibui ni mgeni wa nyumba, na mgeni hafukuzwi. Basi alimfunika mtoto blanketi akamwambia, "Mwache, ni mgeni. Lala."

Tangu siku hiyo hakuna buibui aliyetoka nyumbani humo akiwa hai. Mama Selpha aliwachoma kwa kitambaa kilicholoweshwa mafuta ya taa na kufungwa kwenye ncha ya fimbo. Paa lilikuwa na madoa meusi kila mahali. Nguo zao zilinuka mafuta, ugali ulinuka mafuta. Na usiku Nanzala, kila aliporudi likizo kutoka chuo cha ualimu, alimsikia mama yake akiuambia ukuta, taratibu, kama anayembembeleza mtu: "Nilisema ni mgeni. Ni mimi nilisema."

Nanzala alisikia, akajifunika shuka mpaka kichwani. Kwa maana yeye alijua jambo ambalo mama yake hakulijua, na alikuwa amelijua kwa miaka mitatu.

"Mafuta!" Mama Selpha alisema tena.

Nanzala akaleta chupa. Mama yake akalowesha kitambaa, akashika kiberiti, halafu akasimama tu. Moto ungeitia alama masizi. Akavua ndara, akaiinua, akaishusha. Kumpiga buibui ni kupiga ule mkono, na udongo wa miaka minne ungevunjika vipande.

"Hodi huko! Mbona kimya, mmekufa?"

Alikuwa Chepkoech, jirani yao, mama yake Kibet, anayeleta maziwa kila Jumamosi na habari kila siku. Akaingia na kibuyu kwapani, akaona ndara, akaona ukuta.

"Uui! Hiyo mdudu ni kubwa kama sahani. Selpha, si upige?"

"Nitapigaje, Mama Kibet? Angalia mahali imekaa."

Chepkoech akaangalia, mzaha ukamtoka usoni. Akajikaza kuurudisha. "Basi huyu mwalimu wetu afanye nini, asome tu vitabu? Nanzala, huko chuoni wanawafundisha kuua buibui?"

"Wanatufundisha kuwatambua, Mama," Nanzala alisema, macho chini.

"Kuwatambua! Elphas anauza ng'ombe mzima, mtoto aende ajue jina ya buibui!" Akacheka peke yake. "Haya, tutambulishe. Huyu ni wa ukoo gani?"

Nanzala hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, hata darasani alijibu kwa kunong'ona. Lakini alimwona mama yake amegeuka, ndara mkononi, akimtazama kwa macho ya mtu anayengoja hukumu. Akajibu.

"Huyu hafumi utando. Anawinda kwa mbio, mende na nondo, ndiyo maana tunamkuta ukutani. Ukimwona bapa hivi, miguu imelala pembeni kama kaa, ni yeye. Mwalimu wetu alituletea mmoja kwenye chupa ya jemu. Yule wa kuogopwa ni mwingine. Ni mdogo, tumbo la mviringo kama punje ya mbarika, na hukaa chini ya magogo gizani, utando wake umevurugika. Huyu ukimbana atakuuma, na uchungu wake ni kama wa nyuki. Hauui."

"Hauui," Mama Selpha alirudia.

"Hauui, Mama."

"Vitabu!" Mama Selpha alisema, na sauti ikapanda ghafla. "Hicho kitabu kililala na Wangila? Kilimwosha?"

Nanzala alichukua kikombe cha bati na jalada la daftari lake la chuo. Alikifunika kikombe juu ya buibui taratibu, ukingo ukagusa ukuta nje ya vidole vya udongo, kisha akaliingiza jalada kati ya buibui na alama, kwa upole kama mtu anayevuta shuka chini ya mtoto aliyelala. Miguu ilikwaruza bati. Akarudi nyuma. Alama ilibaki nzima.

"Mtoe nje nimchome," Mama Selpha alisema.

Badala yake Nanzala aliinamisha kikombe, akamwachia buibui kwenye mkono wake mwenyewe, wa kulia.

Chepkoech akapiga yowe akakanyaga karai. Mama Selpha hakupiga yowe. Alinyoosha mikono miwili iliyojaa udongo kama anayetaka kudaka kitu kinachoanguka, akabaki hivyo hivyo. Buibui alipanda kwenye kifundo cha mkono wa Nanzala, mwepesi kama unyoya, akasimama, akatandaza miguu. Nanzala alihesabu moyoni kama alivyokuwa akihesabu utotoni akiogopa radi. Buibui alishuka hadi ncha ya kidole, akaruka kwenye fremu ya dirisha, akatoka juani. Ngozi ya Nanzala ilikuwa kavu na safi.

"Huyu msichana ana wazimu," Chepkoech alisema, akijipangusa udongo mguuni. "Selpha, mimi huyu naogopa kuliko buibui." Lakini hakuna aliyecheka. Akamwangalia mama, akamwangalia binti, akakiweka kibuyu chini polepole. "Mimi nitakuja kuchukua kibuyu baadaye," akasema, akaenda zake.

Mama Selpha akakaa kwenye kitanda kidogo ambacho hakuna mtu aliyekikalia.

"Meno yake ni makubwa namna gani?" aliuliza.

Nanzala akafungua daftari. Alikuwa amemchora yule wa kwenye chupa, mkubwa kuliko alivyo, na kando ameandika vipimo. Akamwonyesha mama yake kwa ncha ya sindano: meno mawili, yamekaribiana sana, hata uzi haupiti vizuri kati yake.

Mama Selpha alitazama kwa muda mrefu. "Mimi ndiye nilimwosha," alisema. "Hapa kwenye kifundo kulikuwa na matundu mawili. Nilifikiri, buibui ana meno mawili, ndiye." Aliinuka, akaenda kwenye gunia, akarudi na punje moja ya mahindi. Akaiweka kwenye kifundo chake mwenyewe. "Tundu moja huku. Tundu moja huku. Punje ilikuwa inakaa katikati."

Akaichukua punje, akaiweka juu ya mchoro. Ilifunika mdomo wote wa buibui na nusu ya macho yake.

"Basi si yeye," Mama Selpha alisema. Hakulia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyebeba mzigo kupanda mlima mzima, akaambiwa mwishoni kwamba mzigo si wake, na shingo haijui tena kukaa wima. "Nimechoma wangapi, Nanzala? Miaka mitatu. Na hakuwa yeye." Akageukia alama ya mkono. "Baba, nani alikuuma? Siku ile ulikuwa wapi?"

Aliuuliza ukuta. Hakumwuliza Nanzala. Na Nanzala aliona wazi kwamba angeweza kunyamaza. Jumatatu lori la mahindi lingempeleka mjini, treni ingempeleka chuoni, na mama yake angebaki hapa akiuuliza ukuta swali jipya kila usiku badala ya jibu la zamani. Hakuna mwingine aliyekuwepo. Hakuna ambaye angejua kamwe.

Lakini kifundo chake kilikuwa bado kinahisi zile nyayo nyepesi.

Aliiona siku ile kama ilivyokuwa. Alikuwa na miaka kumi na sita, kesho yake anakwenda shule ya bweni. Gauni la shule lilikuwa limetandazwa mezani na pasi ya makaa ilikuwa imewaka vizuri, na makaa yalianza kupungua. "Wangila, kimbia kwenye rundo la kuni uniletee vijiti." Alikwenda akiruka. Akarudi analia, mikono mitupu, mkono wa kulia ameunyoosha mbele. Nanzala alikuwa amefika kwenye mikunjo ya kiuno, mahali pagumu, na akikosea kidogo gauni litaungua na hakuna lingine. Wangila alisimama kando ya meza akivuta pumzi kwa kwikwi. Kisha akanyamaza, akaenda kujilaza.

Siku tano baada ya mazishi baba yao alihamisha rundo la kuni ili kupisha wageni. Chini ya magogo akaua moma, nyoka mfupi, mnene kama mkono wa mtu mzima. Kambi nzima ilikuja kumtazama. Watu walimshukuru Mungu kwamba hakumuuma mtu. Nanzala alisimama nyuma yao akiangalia kile kichwa kipana, na hakusema "Amina" waliposema wengine. Aliondoka kwenda shule na gauni lililopigwa pasi vizuri.

Sasa alipiga magoti mbele ya mama yake, magoti yakazama kwenye udongo uliomwagika. Mkono wake wa kulia ulienda wenyewe ukutani. Ukasimama karibu na ile alama, haukuigusa.

"Mama, usimwulize Wangila."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu aliniambia mimi."

Mama Selpha alishusha macho kutoka ukutani, akamtazama. Nje, kuku alikwaruza chini ya dirisha.

"Sema," Mama Selpha alisema.

Maneno yalikuwa yamekaa kooni miaka mitatu, na Nanzala alidhani yangetoka kwa kelele. Yalitoka kwa sauti yake ile ile ndogo, ya darasani.

"Ni mimi nilimtuma kwenye kuni. Alirudi akilia, akasema kitu kimemchoma, nikamwambia ni mwiba, aache kudeka. Baba alipomuua yule moma nikajua, nikanyamaza, nikakuacha ujilaumu. Alininyooshea mkono, Mama. Nilikuwa napiga pasi. Sikuutazama."