Chumba cha Harusi na Maiti

Babu wa babu yangu aliijenga nyumba yetu mwaka 1856 kwa sababu moja ya maana sana: jirani wa ng'ambo ya mto alikuwa na vyumba kumi na vitano. Yetu ina kumi na saba. Baraza lina nguzo za kuchongwa kama za kanisani, na kuta za mbao zimepakwa rangi zifanane na marumaru, maana mkulima wa kitani wa hapa Hälsingland, Uswidi, hakubali kuonekana mkulima. Alipomaliza kujenga, yeye na watoto wake tisa wakalala jikoni.

Chumba cha sherehe kiko chini: maua ukutani, jiko la vigae la kupasha chumba joto, kitanda cha mapazia. Kimetumika mara kumi na moja. Harusi nne, maiti saba.

Mwaka huu magoti yangu yalikataa ngazi. Nikamwomba mwanangu Halvar anihamishie mle.

"Mama, kile ni cha harusi na maiti!"

"Basi nitafutie mume."

"Acha utani. Nyumba ya wazee ina lifti. Jumatatu nakupeleka."

Vyumba kumi na saba, na bibi mmoja hana pa kulala! Halvar ana akili, ila alizirithi kwa baba yake.

Jumapili alipokwenda kanisani, nikatandaza matawi ya msonobari kwenye vidato vya baraza, kama tufanyavyo mtu akifa. Nikavaa gauni jeusi, nikajilaza chumba cha sherehe, mikono kifuani. Kitanda laini hicho! Kumbe wafu walikuwa wanatuficha raha.

Watu walipotoka ibadani wakayaona matawi. Wa kwanza kuingia alikuwa Gunborg wa ng'ambo ya mto, na keki ya iliki mkononi. Kwetu keki ya msiba huwa tayari kabla ya msiba. Nyuma yake Halvar, akihema.

"Pole, Hal... We Brita! Mbona unakonyeza?"

"Nimewahi tu, shoga. Chumba ni cha maiti, na mwanangu anashika mila. Kesho angenipeleka kwa wazee."

Gunborg akatazama kuta, taratibu. "Mama yangu alilala chumba chetu cha sherehe miaka sita, akiwa hai," akasema, sauti tamu kama sumu. "Lakini sisi tuna vyumba kumi na vitano tu. Tunabanana."

Halvar akawa mwekundu kama ghala letu. Jioni akateremsha sanduku langu, akawasha jiko la vigae.

"Niyatoe yale matawi, Mama?"

"Yaache kwanza. Keki imekuja moja tu."