Msalaba wa Yonasi

Wakati wa vita, Wenceslaus alikuwa kamanda wa wanamgambo hapa Gatete. Siku hizi tunamwita mheshimiwa: ana kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu mjini Rumonge, na anatafuta kura. Jumapili alitushushia lori zima la misalaba ya chuma kwa ajili ya marehemu wetu wa vita. Kila familia ilikuwa imemtajia mtu wake, na jina likasubiwa humo humo kwenye chuma.

Sisi hatukutaja mtu. Kaka yangu Yonasi alitoka kwenda ziwani wakati ule, hakurudi, na mama anaamini alivukia Tanzania. Ndiyo maana hatujawahi kufanya kuganduka, ile sherehe ya kumaliza matanga. Utamalizaje matanga ya mtu aliye hai? Mpaka leo mama anamuwekea chakula.

Basi Wenceslaus mwenyewe, meno yote nje, akamletea mama msalaba. "Pole, mama. Huyu naye tusimusahau."

Nikasoma: YONASI. Chini yake, tarehe aliyokufa.

Watu walikuwa wanapiga makofi. Nilitamani kuwazaba vibao wote. Mama hajui kusoma. Akaniuliza, "Scovia, iko nini hapo?"

Nikamsomea. Hakulia. Aliyapapasa yale maandishi kwa vidole, kisha akamkazia macho mheshimiwa.

"Murakoze," akamshukuru. "Sasa tupeleke pale ulipomuzika mutoto wangu, tuusimamishe."